Fundo Moja na Mafundo Mawili

Katesh, alasiri

Zaina mwanangu,

Marahaba. Najua utakapoifungua barua hii utakuwa umeshaondoka, na najua pia kwamba huwezi kuanza neno na mimi kabla ya shikamoo, hata kama ni kimoyomoyo. Basi nimeshaitikia, tuendelee.

Nakuandikia wewe ukiwa bado Tumati kumuaga bibi yako. Mama yako ameshamaliza mambo yote ya sweta, dawa ya kifua, unga wa uji na namna ya kujifunika kwenye baridi ya huko Afrika Kusini. Mengine ameyasema mara mbili, kwa hiyo mimi sina langu hapo. Sitakwambia ule nini wala ulale saa ngapi. Una akili zako, na isitoshe mambo hayo nikiyasema mimi unacheka.

Nimekaa kwenye kiti cha dukani, mgongo nimeuegemeza kwenye friji. Tangu juzi uliposhuka kwenye basi na lile boksi lako la barafu ukasema, "Baba, naomba nafasi kwenye friji, na mtu yeyote asiguse," friji hili limepata heshima ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuipata katika nyumba hii. Kaka yako Idi amebandika karatasi mlangoni: SODA BARIDI HAKUNA. Wateja wananuna. Jana mwalimu mmoja wa Nangwa kaniuliza kama friji limeharibika, nikamwambia halijaharibika, lina wageni. Akanitazama kama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, akanunua sabuni, akaenda zake.

Wageni wenyewe ni vichupa viwili vidogo kuliko kidole changu, kila kimoja kimefungwa uzi shingoni. Uzi wa kimoja una fundo moja, wa kingine una mafundo mawili. Ndani ya kimoja imo damu ya kaka yako, ndani ya kingine imo yangu, na wewe unayevibeba kesho hujui kipi ni cha nani. Mimi najua. Ndiyo maana nimeshika kalamu, kwa sababu mtu mwenye jambo kama hili kifuani asipoongea na karatasi ataongea na jirani.

Niruhusu nianze na Idi. Yote unayajua, lakini ukiwa mbali kuna siku utataka kuyasikia kwa sauti ya nyumbani.

Idi alianza kuwa na macho ya manjano kabla hajaota meno yote. Akipata homa, damu inashuka, anakuwa mweupe midomoni. Sisi tukasema malaria. Akipona tukasema tumemshinda malaria, akiugua tena tukasema malaria amerudi. Bibi yako akaleta mizizi, mama yako akafunga na kuomba, jirani mmoja akaninong'oneza kwamba kuna mtu ananionea wivu kwa biashara yangu ya ngozi. Nilikaribia kumwamini huyo jirani, maana ilinipendeza kufikiri kwamba biashara yangu inaonewa wivu. Kaka yako akakua hivyo hivyo. Leo ni mwanamume mzima, anabeba ngozi mbichi nyingi begani kuliko vijana wote wa mtaa huu, kisha katikati ya mwaka anaanguka, ubavu wa kushoto umevimba, na tunaanza kutafuta watu wa kumchangia damu.

Halafu ndipo tukapata yule daktari wa upasuaji, mtu wa maneno machache. Akatuambia, inawezekana ngozi ya chembe zake nyekundu za damu ni dhaifu tangu kuzaliwa, na bandama inazisaga kila zinapopita. Kama ni hivyo, bandama ikitolewa Idi atapumzika. Kama si hivyo, tutakuwa tumemwondolea mlinzi wake bure, na bandama ikishatoka hairudi. Nikamuuliza, "Sasa ni hivyo au si hivyo?" Akasema vipimo alivyonavyo vinasema labda. Tukarudi nyumbani na hiyo labda, tukaishi nayo.

Sasa nikupe langu moja. Unalijua nusu, ile nusu ambayo mama yako huwasimulia wageni ili wacheke.

Zamani, kabla hujazaliwa, ngozi tuliziuza kwa shirika la umma. Mtu wao alikuwa anakuja na rangi yake na brashi, anageuza ngozi moja moja, anaandika daraja. Iliyoanikwa chini juani alikuwa anaisukuma kwa mguu. Tulimchukia sana. Soko huria lilipofunguliwa yule bwana hakuonekana tena, yakaja malori ya wafanyabiashara kutoka Arusha. Wao walitaka ngozi nyingi na walizitaka leo. Mimi nilikuwa kijana mwenye bati jipya. Nikazunguka Nangwa na Endasak mpaka kwa Wabarbaig wa bondeni, nikanunua ngozi mbichi, nikazitandaza juu ya bati. Kwa jua lile la kiangazi na upepo wa Hanang, ngozi niliyoitandaza asubuhi niliiteremsha jioni imekauka kabisa, ukiigonga inalia kama debe. Wenzangu walikuwa wanaziwamba kwenye fremu za miti, kivulini, wanangoja na kungoja. Niliwacheka hadharani.

Rafiki yangu Gidamowsa, yule mfugaji wa upande wa Nangwa, alisimama na fimbo yake akaangalia juu. Akaniuliza, "Wewe unapika ngozi?"

"Nakausha," nikamwambia.

"Haya," akasema. Wiki iliyofuata naye akaja na za kwake akaniomba nafasi juu ya bati.

Lile lori lililozibeba likarudi siku ya mnada. Mnunuzi alishuka na kipande cha ngozi kilicholoweshwa, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Hakunigombeza. Alikitandaza kwenye meza ya muuza nyama, watu wamejaa, akaingiza vidole viwili pembeni na kuvuta. Ngozi ikaachana pande mbili, ya juu huku, ya chini huku, na katikati ulikuwa uji unaonuka. Jua lilikuwa limeikausha nje haraka kabla ya ndani, na ndani ikaoza huku imefungiwa. Watu wakarudi nyuma wameziba pua. Yule bwana akasema kwa upole, "Ndugu yangu, uliniuzia ngozi au uliniuzia picha ya ngozi?"

Mama yako hapo ndipo huishia, wageni wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu kweli inachekesha. Gidamowsa mpaka leo akinipigia simu haulizi habari, anauliza bati.

Lakini nusu ya pili ni hii. Baada ya hapo nilijenga lile banda la nyasi na fremu, unalikumbuka. Kila ngozi ilining'inizwa na uzi wa mwenyewe, mwenye fundo moja, mwenye mawili, mwenye matatu, ili asije mtu kudai ya mwenzake. Na kila mara kabla ya kuuza nilikuwa nachagua ngozi moja, naikata kipande cha ukingoni, nakilowesha usiku mzima, asubuhi nakivuta kwa vidole. Na nilikuwa nachagua ile nzuri kuliko zote. Wewe ulikuwa mdogo, unasimama pale na kikombe chako cha uji, unaniuliza kwa nini naharibu iliyo nzuri. Nikakwambia iliyo mbaya nimeshaishuku, ni hii nzuri inayoweza kunidanganya. Sikuwa nakufundisha chochote, Zaina, nilikuwa nakujibu tu ili uniache nifanye kazi. Wewe ukaondoka na jibu hilo mpaka chuo kikuu.

Ulikwenda chuo wakati mkoa wetu umekatwa kutoka Arusha, watu hapa bado wanabishana waandike nini kwenye bahasha. Mimi niliandika vyote viwili, Arusha na Manyara, ili majibu yako yasipotee. Ulipotuambia umeingia kwenye chumba cha hadubini kubwa ya elektroni, niliwaambia watu mnadani kwamba binti yangu ana mashine inayoona ngozi ya chembe ya damu. Mmoja akaniuliza, hiyo ngozi inauzwa wapi. Nikamwambia aende akanywe chai.

Kisha Idi akaja huko kwako Dar, ukachukua damu yake, na baada ya muda ikaja ile picha. Mwanangu, sijawahi kuona nyumba hii ikifurahi vile. Picha ya rangi ya majivu, utando mzima wa chembe umejaa matundu. Huna haja ya kusoma sayansi kuona kwamba kitu kile kimetoboka. Mama yako alilia akasema, "Ndiyo hii, ndiyo imemtesa mwanangu miaka yote." Mwalimu wako aliisifu. Daktari akasema, kama mambo ni hayo basi apangiwe siku ya kupasuliwa. Idi akanunua pajama za hospitali, yeye ambaye hajawahi kuvaa pajama maishani mwake.

Siku chache baadaye nilikuja Dar na mzigo wa ngozi. Ukaniomba damu yangu. Nikakupa, nikadhani ni mazoezi ya shule.

Halafu ukaja nyumbani bila kusema. Nakuona mpaka sasa, vumbi la Singida mpaka kwenye kope, hujakaa hata chini. Ukaweka picha mbili juu ya kaunta hii hii, ukatuuliza, "Ipi ni ya kaka Idi?" Tukaangalia. Zote zina matundu, lakini moja ina mengi zaidi na makubwa zaidi. Mama yako akaweka kidole pale. Idi akaweka kidole pale. Mimi nikaweka kidole pale na nikasema, "Hata kipofu angejua."

Ukasema, "Hiyo ni yako, baba."

Mteja aliingia akataka kiberiti, hakuna aliyemjibu, akatoka.

Ukatueleza kwamba mimi ni mzima, sijawahi kuugua damu, kwa hiyo matundu yale si ya ugonjwa. Umeyatia wewe mwenyewe katika kuandaa. Nilikasirika, Zaina. Najua uliona. Nilisema, "Kwani ilikuwa lazima uchukue yangu?" Nilitaka ile picha ya kwanza ibaki peke yake. Nilikuwa nimeshaipenda. Ilikuwa imeniondolea labda kifuani, na wewe umeirudisha kwa mkono wako, na siku ya kupasuliwa imeshapangwa. Wewe ulisimama pale ukanijibu, "Baba, nimelowesha ile nzuri."

Idi ndiye aliyeongea. Alikunja zile pajama akazirudisha kwenye mfuko wake wa duka. "Basi tungoje," akasema, akaenda bandani kugeuza ngozi.

Nilitaka nikwambie hili uso kwa uso nikashindwa, basi lisome: siku ile nilikustaajabia kuliko siku ya matokeo yako yoyote. Nimeishi na wafanyabiashara, nimeishi na mashehe na wenyeviti wa kijiji. Watu wa kusema kweli inayomuumiza adui wapo wengi. Mtu wa kusafiri siku nzima kwenye vumbi ili kuwanyang'anya watu anaowapenda furaha yao, kwa sababu si ya kweli, nimemwona mmoja, na nimemlea mimi na mama yake.

Kesho yake ulinieleza kazi yenyewe, umekaa juu ya kinu kilicholazwa, na mimi nachambua maharage nikijifanya sisikilizi sana. Nimeyashika yote. Ngoja nikuonyeshe.

Unaosha damu kwa maji ya chumvi mpaka zibaki chembe nyekundu tupu. Unazitia kwenye maji ambayo karibu hayana chumvi. Zinakunywa, zinavimba, zinapasuka, wekundu wote unatoka, inabaki ngozi nyepesi isiyo na rangi, kama gunia lililomwagwa mahindi. Wenzako wanaziita mizuka, na mama yako aliposikia akasema neno hilo lisitajwe tena ndani ya nyumba yake. Unaibandika mizuka hiyo kwenye kioo, unaipulizia maji kwa nguvu, upande wa juu unaondoka, unabaki wa chini umelala chali na tumbo lake la ndani liko wazi. Hapo ndipo kuna kile ulichotaka kukiona, wavu wa nyuzi unaoshikilia utando usilegee. Ukaniambia ni kama kamba za ngozi kwenye kitanda, kamba zikiwa chache au zimekatika kitanda kinabonyea. Kama ugonjwa wa Idi ni ule anaoushuku daktari, utaonekana kwenye kamba hizo, si kwenye matundu.

Tatizo ni maji. Ndani ya hadubini hiyo hakuna hewa, kwa hiyo kitu hakiwezi kuingia kikiwa kibichi. Ukikiacha kikauke chenyewe, maji yakiondoka yanavuta zile kamba chini na kuzichana. Kwa hiyo unagandisha kwanza, kisha barafu inaondoka kama mvuke bila kupitia maji. Na kabla ya kupiga picha unakipulizia madini, vumbi jembamba la platinamu, ili kionekane.

Hapo mimi nikaona nimefika nyumbani. Nikaacha maharage, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye banda lake, "Kosa lako naliona. Uliharakisha. Utando ni ngozi, na ngozi inataka polepole, kivulini."

Ukacheka mpaka ukashika kinu. "Hapana, baba. Nilichelewa. Ikiganda polepole barafu inaota sindano, na sindano zinatoboa. Hii inatakiwa igande kufumba na kufumbua, maji yasipate nafasi hata ya kujipanga."

Nilinuna kidogo. Miaka yote hii nimetembea na funzo langu la bati nikidhani ni funzo la dunia nzima, kumbe ni funzo la ngozi ya ng'ombe. Lakini nilipokwenda kulala nilifurahi. Nilifikiri, huyu hakunisikiliza kwa sababu mimi ni baba. Alichukua kwangu kile kipande kimoja kinachofaa, cha kulowesha iliyo nzuri, na kilichobaki akaniachia mwenyewe. Mtoto anayebeba kila kitu cha baba yake atachoka kabla ya kufika Babati.

Ndipo ukatafuta mahali penye mashine ya kugandisha haraka kweli kweli, ile inayopigiza kioo kwenye kipande cha shaba kilichopoozwa kuliko barafu yoyote, maana kwa mkono ilikuwa inakubali leo na kukataa kesho. Ukaandika, ukakataliwa, ukaandika tena, wakakubali hao wa Afrika Kusini. Na mwezi uliopita ukatuita mimi na Idi tuje Dar kutoa damu upya.

Hili la mwezi uliopita ndilo sitalisahau. Ulifanya kazi yako yote ya kuosha na kupasua na kutia dawa ya kuzuia chembe zisioze njiani. Halafu ukaweka vichupa viwili mezani, ukamwambia yule mama wa maabara abaki na mimi, ukasema, "Baba, mimi natoka nje. Badilisheni vichupa, mtie alama unayoijua wewe tu. Usiniambie."

Nikakuuliza, "Hujiamini?"

"Najiamini kwa mikono," ukasema. "Kwa macho, kaka Idi akiwemo, sijiamini."

Ukatoka, ukafunga mlango. Yule mama akanisaidia kumimina. Akaniuliza tutie namba gani. Nikamwambia namba sizitaki. Nikatoa uzi wa kushonea magunia mfukoni, nikafunga fundo moja kwenye kimoja na mafundo mawili kwenye kingine, kama bandani. Nilipotoka ulikuwa umekaa kwenye ngazi na Idi, mnakula mihogo ya kukaanga, umempa kipande kikubwa. Nikageuka nikatazama ukuta kwanza.

Sasa nikwambie kwa nini nimekaa na friji hili tangu adhuhuri.

Nimetaka kukwambia. Nimetaka sana. Nimejiambia, Zaina ni mwanangu na Idi ni mwanangu, kuna ubaya gani nikidokeza? Neno moja tu ndani ya barua, hata lisionekane kama neno, ili ukifika huko ukianza na kichupa fulani ukiangalie kwa makini zaidi, usiharakishe, ujue unamshika nani. Mimi ni mtu wa mnada, najua namna ya kusema kitu bila kukisema. Nimeshazipata njia tatu au nne hapa nilipo.

Idi alinikuta nimefungua friji, nimevishika vyote viwili mkononi.

"Unataka kumwambia," akasema.

"Nani kasema?"

"Baba."

Akavichukua, akavirudisha ndani, taratibu, akafunga mlango. Akasema, "Akijua, atanitafuta mimi mle ndani. Na Zaina akinitafuta atanipata, hata kama simo. Mwache aone kilichopo."

Kisha akamuuzia mtoto wa jirani soda ya moto na kumwambia ni nzuri kwa koo.

Macho yake leo ni ya manjano tena. Nimefikiri nisiandike hilo, lakini wewe ndiye uliyetufundisha kutoficha picha ya pili. Anakula, anatania watu, ameinua gunia asubuhi nikamgombeza. Ni ya manjano tu. Usirudi kwa ajili hiyo na usikimbize kazi kwa ajili hiyo, isipokuwa pale penye shaba, ambapo wewe unajua zaidi.

Kwa hiyo tutafanya kama ulivyopanga. Siku ikifika utapiga simu. Utasema ulichokiona kwenye fundo moja, utasema ulichokiona kwenye mafundo mawili, mpaka mwisho, na mimi nitakuwa nimenyamaza. Unajua ni adhabu gani hiyo kwangu. Ukimaliza ndipo nitasema. Ukisema kamba zimekatika kwenye kimoja na nikakwambia ni cha Idi, nitatoka nje na simu mkononi nimtafute daktari. Ukisema zimekatika na nikakwambia ni changu, utashangaa, lakini utaniamini, nami nitajua ni mimi ninayetakiwa kwenda hospitali. Ukisema vyote ni sawa, nitamwambia daktari vyote ni sawa, Idi atabaki na bandama yake na mimi na labda yangu, na ukirudi nitakuchinjia mbuzi yule yule niliyemkusudia. Usije ukadhani mbuzi anangoja jibu zuri. Anangoja wewe.

Nikiondoka duniani kabla ya simu yako, mama yako anajua kipi ni cha nani. Nimemwambia jana. Alikataa kusikia, akaziba masikio, kisha akaondoa kidole kimoja.

Nasikia gari limesimama barabarani, na mama yako ameshaanza kuita jina lako kabla mlango haujafunguliwa, kwa hiyo ni wewe. Barua hii nitaitia chini ya yale masweta, utaikuta utakapoanza kuona baridi. Kesho alfajiri nitakukabidhi vichupa kwa mikono miwili, sitasema kitu, na nitaangalia pembeni ili uso wangu usikwambie.

Nenda, mama. Angalia vyote viwili sawasawa.

Ni mimi baba yako, mwenye kichupa kimoja kati ya hivyo viwili.